Kaka Mwenye Suti, Naomba Uhamie Nyuma

Leo asubuhi, nikiwa bado nimejilaza kwa shemeji yangu hapa Nyakato, simu ikalia. Nikajua ni mtu wa michango. Kumbe ni lile shirika la ndege lililonileta Mwanza. "Ndugu mteja wetu wa thamani, asante kwa kusafiri na jeti yetu mpya. Safari yako ilikuwaje? Jibu 1 hadi 5." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, nikakaa kitako. Wa thamani. Mimi huyu huyu.

Namba tano hazinitoshi, jamani. Acha nisemee hapa.

Basi la Dar–Mwanza mnalijua, na miguu inavyokuwa likifika Singida mnaijua, kwa hiyo hapo tusipoteze muda. Treni ya umeme nayo ni nzuri, sina ubishi, lakini tangu ianze 2024 mwisho wake ni Dodoma, na mdogo wangu hakuwa anaoa Dodoma. Ikabaki ndege. Na shirika hilo ndiyo kwanza lilikuwa limeleta jeti mpya. Siku ilipotua, magari ya zimamoto yaliimwagia maji huku na huku, ikapita katikati kama mwali anayetolewa ndani, waheshimiwa wakapanda ngazi, wakashuka, wakapanda tena kwa ajili ya kamera. Kijana wa wakala wa tiketi aliponiambia, "Mzee, hii siyo pangaboi, hii ni jeti," nikahisi kitu kinanipanda kifuani. Nchi hii tumebishana habari ya pangaboi, yaani ndege ya mapanga, na jeti tangu 2016 mpaka wengine tukanuniana. Mtu akikwambia utapanda jeti, hazungumzii usafiri. Anazungumzia hadhi.

Nikalipa. Nikalipa na elfu kumi na tano ya ziada, ambayo mama watoto haijui mpaka leo, ili nipate kiti 4A: mbele, dirishani, mkono wa kushoto. Na sababu ninayo. Pale Kigongo, Ziwa Victoria, nimevuka kwa kivuko tangu nabebwa mgongoni. Foleni, jua, mahindi ya kuchoma, mbuzi wa watu amekukanyaga mguu na mwenyewe anakutazama wewe kana kwamba umemkosea. Sasa kuna daraja, kilometa tatu juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, na mimi nimeliona kwenye simu tu. Kinyozi wangu, ambaye hakuna jambo asilolijua, akaniapia: kaa kushoto, ndege ikikaribia kutua utaliona lote, kama kamba ya kuanikia nguo imevutwa kutoka Kigongo mpaka Busisi.

Nikavaa na suti. Suti yenyewe nimeshonewa Buguruni na fundi ambaye alinichukua vipimo mwezi wa Ramadhani na kuniletea nguo baada ya Idi ya pili, kwa hiyo katikati hapo mwili ulikuwa umeendelea na shughuli zake. Ilikuwa inafunga, sikatai. Ila ilikuwa inafunga mimi nikiwa nimesimama.

Uwanjani sitakaa sana. Mkanda vua, viatu vua, suruali shika kwa mkono mmoja. Chupa ya maji bei ya kilo ya unga. Ndege saa mbili, ikawa saa tatu, ikawa "kwa sababu za kiuendeshaji", maneno ambayo nikiyatumia mimi kazini napewa barua. Tukapakiwa kwenye basi, likazunguka mpaka nikadhani tunapelekwa Kibaha, likatushusha kwenye ndege ambayo tulikuwa tunaiona mlangoni. Begi langu wakalinyang'anya ngazini, eti vibebeo vya juu ni vidogo.

Lakini nilipokaa 4A, nasema kweli, nilisahau yote. Kiti kinanukia duka. Dirisha halina hata alama ya paji la uso la mtu. Nikajifunga mkanda, nikafungua kifungo kimoja cha koti kwa siri, nikamtazama mfanyakazi wa chini anayepakia mizigo kwa huruma ya mtu aliyefanikiwa.

Ndipo akaja binti, mhudumu, ana karatasi mkononi na sauti kama anambembeleza mtoto mgonjwa. "Wapendwa abiria, rubani anaomba abiria sita wa huku mbele wahamie viti vya nyuma, ili tusawazishe uzito wa ndege."

Kimya. Ghafla kila mtu akapenda kusoma. Ile kadi ya maelekezo ya dharura, ambayo hakuna mtu ameigusa tangu ndege zianze, watu wakaifungua wakaizamia kama barua ya urithi.

Baba mmoja mwenye tai akauliza kusawazisha kivipi, mmeshapima mizigo, sasa mnapima na sisi? Binti akaeleza vizuri kabisa: abiria leo ni wachache, wengi wamechagua mbele, pua ikizidi uzito ndege inasumbua kuinuka. Ni jambo la kawaida, akasema, hasa kwa ndege ndogo.

Neno "ndogo" halikupokelewa vizuri. Tulikuwa tumeambiwa jeti.

Hapo mzee mmoja wa mstari wa tatu, mwenye kofia ya pama, akainuka nusu, akageuka, akaegemeza viwiko juu ya kiti. "Ngojeni," akasema. "Jambo hili linataka utaratibu."

Mnajua mzee akishatamka utaratibu kinachofuata. Hicho tayari ni kikao. Hakuna aliyemchagua, lakini kuanzia dakika ile alikuwa Mwenyekiti, na hata binti mhudumu nilimwona anasimama kama mjumbe. Mwenyekiti akauliza nani anajitolea. Hakuna. Kijana mmoja mwembamba, ana visikizio masikioni, akauliza kama kuna posho. Watu wakacheka. Mama wa kitenge akasema yeye mtoto amelala, asiguswe mtu. Baba mwenye tai akasema ana kikao Mwanza saa tano, jambo ambalo mpaka sasa sijaelewa linahusianaje na kiti, kwani nyuma ya ndege inafika kesho? Mwenyekiti akamgeukia kijana mwembamba, akamwambia wewe bado mdogo, hama. Kijana akajibu, "Mzee wangu, mimi kilo hamsini na nne. Hata nikihamia Morogoro, ndege haitajua."

Na hilo ndilo jibu lililoniangamiza. Maana Mwenyekiti alitafakari, akatikisa kofia, akasema, "Kijana ana hoja. Kwa kuwa shida ni uzito, basi wahame wenye uzito."

Vichwa vikaanza kuzunguka. Sijatazamwa namna ile tangu siku niliyopeleka posa. Nikageukia dirishani, nikaanza kukagua bawa kwa makini, kama fundi aliyetumwa.

"Kaka mwenye suti," binti akasema taratibu.

Nikasubiri. Labda kuna suti nyingine. Haikuwepo.

Nikajikusanya, nikamjibu kwa heshima zote. "Dada yangu, kiti hiki nimekilipia."

"Naelewa, kaka."

"Elfu kumi na tano."

"Naelewa, kaka."

"Ya dirisha."

"Naelewa kabisa, kaka."

Mtoa huduma akishakwambia naelewa mara tatu, chukua mizigo yako. Lakini nilikuwa sijakubali. Mwenyekiti akaniinamia, akauliza mbele za watu, "Kwani ndugu yetu una kilo ngapi?" Nikasema themanini na mbili. Nilisema bila kupepesa. Yule kijana wa hamsini na nne akatoa kisikizio kimoja sikioni, akauliza, "Themanini na mbili za mwaka gani, bro?"

Ndege ilicheka mpaka mtoto wa mama wa kitenge akaamka. Ikawa mimi ndiye niliyemwamsha.

Ningeendelea kubishana mpaka Idi nyingine, nina hulka hiyo, isingekuwa bibi mmoja wa mstari wa tano aliyekuwa kimya muda wote, ana kanga mbili na kikapu miguuni. Akasema, wala hakupandisha sauti, "Wanangu, chombo kikielemea upande hakiulizi nani kalipa nauli." Kicheko kikakatika pale pale. Watu wa ziwa habari hiyo hawaelezwi. Wapo waliobaki na 1996 ya meli ya MV Bukoba kuzama, wapo waliobaki na 2018 ya kivuko cha kule Ukara, na hakuna aliyetaka kumuuliza bibi yeye ana ipi. Mwenye tai akafungua mkanda. Mama wa kitenge akambeba mtoto. Bibi mwenyewe akaanza kuinuka, binti akamwahi, "Bibi, wewe kaa, wewe ni mwepesi."

Nikainuka. Kifungo cha koti kikabaki 4A, sijui kiliangukia wapi. Nikiwa katikati ya njia nikageuka kuliaga dirisha langu, nikamkuta Mwenyekiti anahama taratibu kutoka upande wa kulia, anajiweka kwenye kiti changu. Macho yakagongana. "Nasawazisha kushoto," akaniambia.

Kiti cha mwisho kabisa. Nyuma yangu choo, kwa hiyo hakilali. Na pale panapotakiwa dirisha, pana ukuta. Nimeupapasa kwa mkono, nikidhani pengine ni pazia. Plastiki nyeupe, safi, mpya kabisa. Ndege ikakimbia, pua ikainuka bila tabu yoyote, na hakuna aliyegeuka kunishukuru.

Safari ni saa moja na nusu tu, lakini watu walikwenda choo kama wameambiwa Mwanza hakuna. Vinywaji vilipofika kwangu embe imeisha, nanasi imeisha, yapo maji. Karanga nilipewa. Zilikuwa kumi na moja.

Halafu tukaanza kushuka, masikio yakaziba, na katika kuziba huko nikasikia sauti ya mbele kule, sauti ya kofia ya pama: "Lileee! Lile daraja!" Upande mzima wa kushoto ukasema aaah. Mtu wa mbele yangu akajaza dirisha lake kwa kichwa chote. Mimi nikatazama plastiki.

Sasa hapa utani naweka pembeni. Begi langu mmelipima kaunta mpaka nukta, mkanitoza kilo mbili zilizozidi. Mimi mwenyewe, niliyelibeba, mkanitazama tu. Idadi ya watu mlikuwa nayo tangu jana, na nani kakaa wapi mlikuwa nayo, maana ninyi ndio mliouza viti vya mbele kwa nyongeza. Kwa nini mniuzie dirisha halafu mmtume yule binti, ambaye simlaumu hata kidogo, aje kulichukua mbele za watu? Hiyo elfu kumi na tano si ya dirisha? Basi irudi. Nimepiga namba ya huduma kwa wateja. Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Simu yako ni muhimu kwetu. Muziki. Muziki. Salio likaisha, na jibu lao ndilo hili la kunitaka nitoe namba 1 hadi 5.

Shemeji alinipokea uwanjani, na hata salamu hakutoa. "Daraja umeliona?"

"Nimeliona."

"Likoje?"

"Refu."

Kosa langu jingine ni kwamba alikuwa ameshawatangazia watu nakuja na jeti. Ahadi yangu ya harusi ilikuwa laki mbili, ipo kwenye daftari la kamati, imeandikwa kwa kalamu. Jana ukumbini MC akashika kipaza sauti: "Kaka wa bwana harusi, ameshuka na jeti leo leo, anaongeza ngapi?" Makofi. Vigelegele. Niliposimama koti likafunguka, halina kifungo, na watu wakadhani naingiza mkono mfukoni. Ikawa laki tano. Ningekuja na basi, nimevimba miguu, nani angenisogelea?

Jumatatu narudi, tiketi ni ya kwenda na kurudi, na wameniruhusu kilo ishirini na tatu. Wanaokwenda Mwanza wanajua sebule inavyokuwa siku ya kuondoka. Kiroba cha kwanza cha dagaa ni cha nyumbani, sawa. Cha pili ni sato wa kukausha, wa mama mkwe, hata sikuuliza. Nimeomba mizani kwa jirani, nimepima viroba, na kwa kuwa imeshafika nikapanda na mimi. Haiko sawa ile mizani.

Shemeji kaingia sasa hivi na kiroba cha tatu. Anasema hiki ni cha rafiki yake aliyehamia Mbagala, sitapata shida kumtafuta, nikifika niulizie tu, anakaa karibu na msikiti.