Kama nomu anaingia Athas, mimi natoka

Jumamosi iliyopita, tukiwa tunakusanya dadu, mwenzetu mmoja akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ana mhusika wa Dark Sun tayari, yaani ile dunia ya jangwa iitwayo Athas katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu. Kitabu chenyewe hakijatoka, lakini bwana huyu keshamaliza kila kitu: nomu, yaani kijitu cha hadithi chenye kimo cha mtoto, tena paladini, deraa la chuma toka utosini hadi kisiginoni, mtumishi wa mungu wa nuru. Nikamwambia, ndugu yangu, kwa mstari mmoja umekosea mara tatu. Athas haina nomu, haina miungu, na kwa chuma cha deraa hilo ungenunua mtaa mzima na wakazi wake. Akanitazama kama anayemhurumia mzee. "Wataruhusu tu," akasema. "Siku hizi kila kitu kinaruhusiwa."

Tangu siku hiyo nagombana naye kichwani.

Kwamba Dark Sun inarudi, sibishani na mtu. Mei 2025 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, walitoa sheria za majaribio za wale wanaotumia nguvu za akili badala ya uchawi. Agosti wakaongeza nyingine nne: druidi (mchawi wa maumbile ya asili) mhifadhi, gladieta, uchawi unaonajisi, na mchawi aliyefunga mapatano na mfalme-mchawi, mmoja wa watawala wa miji ya Athas. Juu wakaandika kichwa cha jumla kuhusu maangamizi, eti tusitambue. Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa kwa Athas hiyo ingekuwa miujiza. Kinachonitesa mimi ni itarudi ikiwa na nini mkononi.

Maana Dark Sun ni ulimwengu wa kukosa. Forgotten Realms, ulimwengu mwingine wa mchezo huu, imekuwa ikitugawia kila kitu tangu 1987, na naipenda hivyo hivyo. Eberron, ulimwengu mwingine tena, ilishinda shindano la mapendekezo zaidi ya 11,000, ikatoka 2004, na Keith Baker aliijenga makusudi ili chochote kilichomo kwenye mchezo kipate pa kukaa. Sawa kabisa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini Timothy Brown na Troy Denning, waliobuni Dark Sun mwaka 1991, na picha za Brom zikiwatangulia, walishika kalamu nyekundu. Miungu, futa. Nomu, futa, waliuawa wote. Maorki nao hivyo hivyo. Bahari ikawa vumbi. Chuma kikawa adimu hata kitu kisicho cha metali kikauzwa kwa asilimia 1 tu ya bei iliyoandikwa katika kitabu cha kawaida cha sheria, na cha metali kikabaki na bei yake kamili. Pesa ikawa kigae cha udongo wa kuchoma, unakimega vipande kumi ukitaka chenji. Uchawi wenyewe unanyonya uhai wa mimea, ndiyo maana dunia iko vile ilivyo. Haflingi, wale wapole wa miguu mitupu mnaowajua, kule wanakula watu.

Na ukianza kucheza, unaanzia ngazi ya tatu, si kwa upendeleo, ila kwa sababu wa ngazi ya kwanza hafiki jioni. Tena unaandaa wahusika wanne: mmoja anacheza, watatu wanangoja afe. Nani leo angethubutu kuchapisha sheria kama hiyo?

Niwape kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita niliwaendesha watu wanne Athas, kwa sanduku la zamani la mchezo ambalo pembe zake zimeliwa na panya. Kikao cha tatu wakapata upanga wa chuma. Upanga mtupu, hauna uchawi, hauna jina, na una kutu. Kikao kizima, saa nne, kilikwenda kwenye upanga ule. Auchukue nani? Uuzwe? Ukiuonyesha sokoni, matemplari, maofisa wa mfalme, watauliza umeupata wapi, na jibu lolote ni kosa. Mmoja alitaka uzikwe. Mwingine, ambaye rungu lake la mfupa lilikuwa limemvunjikia mkononi siku mbili kabla, alikaribia kulia. Mwishowe waliubadilisha kwa mitungi ya maji, na aliyepinga akafia jangwani kesho yake akiwa na kiriba kilichojaa. Katika mchezo mwingine nimeshawagawia watu hao hao panga za moto, panga za barafu, panga zinazoongea. Waulizeni kama wanakumbuka hata moja.

Sasa chukua sheria za toleo la tano upande nazo jangwani. Kasisi wa ngazi ya kwanza anaumba galoni 10 za maji kwa uchawi mmoja. Druidi anatoa matunda 10, kila moja linamshibisha mtu siku nzima, na linaponya kidogo juu yake. Kwenye kitabu cha 2014 kulikuwa na historia ya mhusika inayokupa chakula na maji ya kutosha wewe na wenzako watano, mahali popote penye vitu hivyo, bila kurusha dadu. Kundi la namna hiyo haliendi jangwani, linakwenda pikniki. Mwendesha mchezo anasoma kwa sauti nzito habari za jua jekundu na midomo iliyopasuka, na druidi pale pembeni anatafuna tunda.

Kwa hiyo dau langu ni hili, nanyi mnishike kwa maneno yangu: kutakuwa na kisanduku cha kijivu pembeni ya ukurasa, aya mbili hivi, kikisema kwamba mwendesha mchezo akipenda anaweza kuzuia baadhi ya uchawi baada ya kukubaliana na meza yake. Akipenda! Yaani kazi ya ubaya, ya kumwambia rafiki yako "hapana, huyu hayumo," nabebeshwa mimi peke yangu Jumamosi usiku, huku waliolipwa kuifanya wakitabasamu. Ninachotaka ni kitabu kiseme hapana kwa maandishi meusi. Meza ikitaka kulegeza, italegeza yenyewe, hilo hatujawahi kuhitaji ruhusa.

Mtanikumbusha Dark Sun ya 2010. Haya, nawapa hilo, ingawa meno yananiuma. Toleo la nne, lile ambalo tumelitukana mpaka tukachoka, liliingiza watu-joka Athas na mbingu hazikuanguka. Lakini angalieni kilichofuata: waliziondoa kabisa nguvu za kimungu, na wakaweka nyongeza za kila ngazi ili mhusika asihitaji silaha za kichawi ndipo ahimili vita. Waliongeza kwa mkono mmoja wakafuta kwa mwingine. Inawezekana, basi. Tena walirudisha saa nyuma, mfalme Kalak ndiyo kwanza ameuawa na Tyr, mji wake, haijui ifanye nini na uhuru wake, na hapo ndipo pa kuanzia. Nawaomba waanzie hapo hapo. Riwaya za miaka ya tisini ziliwamaliza wafalme-wachawi kadhaa na Joka lenyewe, halafu sanduku la 1995 likatukabidhi dunia ambayo mambo makubwa yalishafanywa na watu wengine. Ni kualikwa karamu ukakuta masufuria yanaoshwa.

Kuhusu utumwa uliojaa Athas, najua ndiyo sababu kubwa ya kitabu hiki kuogopwa, na uoga huo si wa kipuuzi. Uandikwe kwa uangalifu, na asilazimishwe mtu kuuigiza. Ila ukiufuta kabisa, wafalme-wachawi wanabaki mameya wenye hasira, na Tyr haina cha kujikomboa.

Na kurasa, jamani, kurasa. Spelljammer ya 2022, ile ya merikebu zinazosafiri angani, ilikuja vitabu vitatu vya kurasa 64 kila kimoja, na kupigana kwa merikebu, jambo ambalo mtu angelinunulia sanduku lile, kukapewa nafasi finyu mno. Athas ina miji-dola saba. Wakiibana hivyo, kila mji utapata aya na picha.

Picha zitakuwa nzuri, sina wasiwasi.

Nirudi kwa bwana wa nomu. Jana amenipigia. Nilidhani anataka kuendeleza ubishi, nikajiandaa. Kumbe amekwenda kusoma. Amekuta kwamba mfalme wa mji wa Nibenay, zamani alipoitwa Gallard, ndiye aliyepewa kazi ya kuwafuta nomu duniani, na aliimaliza. Akaniuliza taratibu: je, ikiwa alimsahau mmoja? Mmoja tu, amejificha ndani ya Nibenay kwenyewe, anachonga mawe kwenye majumba ya mfalme, na kila mtu anamdhania mtoto.

Nikanyamaza muda mrefu, maana ni wazo zuri, zuri kuliko lolote nililokuwa nalo mimi.

Nimemwambia nitafikiria. Deraa haliingii.