Ukimwambia Mgonjwa Ale Chakula Halisi, Nani Atapunguza Dozi?

Mgonjwa wa kisukari aina ya pili akija kliniki, kwa asubuhi moja hupita mikononi mwa watu wanne au watano waliovaa makoti meupe, na kila mmoja ana lake la kusema kuhusu chakula. Daktari anamwambia apunguze sukari na mafuta. Muuguzi anamwonya asikae na njaa, atembee na biskuti mfukoni. Mtaalamu wa lishe, kama yupo siku hiyo, anamkabidhi karatasi ya vyakula vya kula na vya kuacha. Mfamasia anampa dawa, anamwambia ameze baada ya chakula, basi. Akienda kwa daktari wa meno anaambiwa aache biskuti zilezile. Miezi mitatu baadaye HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, imepanda, na kwenye faili panaandikwa: "Hafuati masharti."

Masharti gani? Dawa huandikwa jina, kiasi, muda, tarehe ya kurudi na sahihi ya aliyeiandika. Ushauri wa chakula hutolewa kama salamu ya kuagana: "Haya, ukale vizuri." Lakini chakula hubadilisha sukari, presha, potasiamu na hata wepesi wa damu kuganda, na namba hizo kila moja iko mikononi mwa mtu tofauti. Ndiyo maana tunasema kuhimiza chakula halisi bila wahudumu kukaa pamoja ama hakuleti matokeo, ama kunaleta madhara.

Kwanza timu ikubaliane chakula halisi ni kipi, kwa sababu vikao vingi hukwama hapo. Mgawanyo unaotajwa sana ni wa NOVA, uliotungwa na Carlos Monteiro na wenzake katika Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil. Unaanza na vyakula ambavyo havijasindikwa au vimesindikwa kidogo: mboga, matunda, kunde, nafaka, mayai, samaki, nyama, maziwa. Vinafuata viungo vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari. Kisha vyakula vilivyosindikwa kwa njia za kawaida, mfano jibini, au mkate wa unga, maji, chumvi na hamira. Kundi la nne ni vilivyosindikwa kupita kiasi, vinavyoundwa kiwandani kwa vitu ambavyo hakuna anayeviweka jikoni kwake: wanga uliobadilishwa, sharubati ya glukosi, protini iliyotengwa, vikolezo, rangi, na kemikali za kushikanisha mafuta na maji.

Mgawanyo huo una mipaka yake. Maharage ya kopo, mboga za kugandishwa na mtindi usiotiwa kitu ni msaada mkubwa kwa mtu asiye na muda wa kupika, na timu inayovipiga marufuku inajitafutia kushindwa. Kwa upande mwingine, neno "asilia" mbele ya pakiti ni la mwenye biashara. Mgonjwa afundishwe kugeuza pakiti. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hiyo sukari ikiwa ya pili kwenye orodha, hicho ni kitu kitamu hata kama kimechorwa ngano mbele. Pakiti ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima.

Kwa nini kundi la nne lipewe uzito hivyo? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 20 waliokaa hospitalini na kula aina moja ya milo kwa wiki mbili, kisha aina nyingine kwa wiki mbili. Milo iliyowekwa mezani ilipangwa ilingane kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula kadiri atakavyo. Kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile visivyosindikwa au vilivyosindikwa kidogo walipungua kiasi hichohicho. Ni utafiti mdogo na wa muda mfupi, lakini unaonyesha kwamba "kula kidogo" ni ushauri uliochelewa. Anza na kinachowekwa sahanini, kiasi mara nyingi hufuata.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hutajwa kwa nadra. Chukua mgonjwa anayemeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ya kundi la salfonilurea, na kujidunga insulini jioni. Jumatatu anashauriwa aache soda, mkate mweupe na juisi, naye safari hii anatii kweli. Dozi zake ziliwekwa kwa ajili ya wanga aliokuwa anakula wiki iliyopita. Kufikia Alhamisi usiku anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, kipimo kinasoma chini ya 3.9 mmol/l, yaani 70 mg/dl. Dawa ya hapo ni gramu 15 za sukari ya haraka, kama mililita 150 za juisi, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Atapona. Lakini atakachobaki nacho kichwani ni kwamba chakula cha kliniki kilitaka kumuua, na hatarudia.

Kosa si la chakula. Aliyeshauri chakula hakuongea na anayeandika dawa. Dawa za kundi la salfonilurea, pamoja na insulini, huendelea kushusha sukari hata kama wanga umepunguzwa. Wanga ukikatwa kwa kiasi kikubwa, salfonilurea mara nyingi hupunguzwa kwa nusu au kusitishwa, na insulini hushushwa kwa kufuata vipimo vya nyumbani. Anayeamua ni daktari, tena kabla mgonjwa hajabadilisha mlo. Metformini peke yake haina hatari hiyo. Mwenye kisukari aina ya kwanza hasitishi insulini kamwe, na sentensi hii iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila karatasi ya lishe.

Dawa za kisukari zinazoishia na "gliflozini", kama empagliflozini na dapagliflozini, zina mtego wa namna nyingine. Mtu anayezitumia akipunguza wanga mno, damu inaweza kujaa asidi huku sukari ikisoma kiasi ambacho hakimshtui mtu. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema haraka visisubiri sukari ipande ndipo vichukuliwe kwa uzito.

Presha nayo hushuka uzito unapopungua na chumvi inapokatwa, na mgonjwa anayemeza dawa tatu anaanza kuona kizunguzungu akisimama. Mtumiaji wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akiongeza ghafla mboga za majani, vitamini K inapunguza nguvu ya dawa. Haambiwi aache mboga. Anaambiwa ale kiasi kinacholingana kila wiki, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ipimwe mapema zaidi. Mgonjwa wa figo ndiye anayeumizwa zaidi na karatasi ya lishe ya jumla, kwa kuwa mboga, matunda na kunde tunazomsifia mwingine zina potasiamu ambayo figo zake huenda hazimudu. Hata hivyo ana sababu yake ya kukimbia vyakula vya viwandani: fosfati inayoongezwa humo hufyonzwa kwa urahisi kuliko fosforasi iliyomo kwenye kunde na nafaka.

Au tazama chumvi mbadala. Katika utafiti wa vijiji 600 vya China uliotolewa mwaka 2021, wenye karibu watu 21,000, chumvi yenye asilimia 75 ya kloridi ya sodiamu na asilimia 25 ya kloridi ya potasiamu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Ni kitu rahisi na chenye nguvu. Lakini mpe mgonjwa wa figo anayemeza spironolaktoni pamoja na enalapril, dawa mbili zinazobakiza potasiamu mwilini, na potasiamu inaweza kupanda hadi moyo upoteze mapigo. Muuguzi hutoa ushauri huo kwa nia njema, na anayejua orodha nzima ya dawa yuko dirisha la pili, hajaulizwa.

Kwa hiyo ushirikiano tunaoutaka hauanzi na warsha. Unaanza na karatasi moja inayotembea na mgonjwa, ambayo kila mhudumu anaisoma kabla ya kusema neno. Juu ziandikwe dawa zote na dozi, pamoja na zile anazonunua mwenyewe. Chini yake, HbA1c, presha, uzito, mzunguko wa kiuno, na kipimo cha figo. Kisha mabadiliko ya chakula yaliyokubaliwa, yasizidi mawili kwa safari moja, na tarehe ya kuanza. Mwisho, jina la atakayerekebisha dawa na siku atakayempigia mgonjwa. Kwa anayetumia insulini au salfonilurea, simu hiyo ni ndani ya siku tatu hadi saba, si miezi mitatu.

Kazi nyingi ya hapo ni ya mfamasia, na kwa maoni yetu ndiye anayetumiwa vibaya kuliko wote. Anamwona mgonjwa kila mwezi, wakati daktari humwona mara chache kwa mwaka. Apewe mamlaka ya kusimamisha mgao na kupiga simu anapoona karatasi ya lishe haiendani na dawa. Daktari wa meno naye aingizwe: huona mapema kinywa cha anayekunywa soda mchana kutwa, na ufizi wenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa, kama ambavyo sukari huharibu ufizi.

Ushauri wenyewe upimwe kama dozi. "Punguza sukari" haupimiki. Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isifike gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana isifike 25. Basi andika: "Soda mbili kwa siku ziwe sifuri, maji badala yake, kuanzia Jumatatu." Mabadiliko ya pili yawe ya sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga wa nafaka isiyokobolewa. Kunde na nyuzinyuzi ziongezwe polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi na mgonjwa ataacha wiki ya kwanza. Maharage makavu yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya.

Kinachovunja timu nyingi ni ugomvi wa wanga dhidi ya mafuta. Unachosha. Hakuna upande unaotetea soda, soseji za kiwandani au keki za pakiti, kwa hiyo anzeni na mnachokubaliana, mengine mgonjwa mwenyewe na vipimo vyake wataamua. Na tusidanganyane kwamba chakula halisi ndicho njia pekee. Utafiti wa DiRECT, uliofanywa katika kliniki za Scotland na Tyneside na kuanza kutoa matokeo mwaka 2017, ulitumia supu na vinywaji vya unga, takriban kalori 830 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kabla ya kurudisha chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Asilimia 46 ya walioingia kwenye mpango huo hawakuwa tena na kisukari kwa vipimo baada ya mwaka, bila dawa. Tunachokipenda zaidi humo ni mpangilio: mpango uliendeshwa na wauguzi na wataalamu wa lishe wa kliniki zilezile, na dawa za kisukari na za presha zilisitishwa siku ya kwanza kwa utaratibu ulioandikwa kabla, presha ikifuatiliwa ili dawa zirudishwe ikipanda.

Timu ikishaanza, itaulizwa ripoti, na ripoti nyingi huangalia HbA1c tu. Kipimo hicho huakisi sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo kukirudia baada ya wiki nne kunapotosha. Tena peke yake hakitoshi. Mgonjwa aliyebaki kwenye asilimia 7 huku insulini yake imeshuka kutoka uniti 40 hadi 18 amepiga hatua kubwa, lakini kwenye ripoti isiyo na safu ya dozi ataonekana hajabadilika. Mfamasia ndiye mwenye namba hizo, kwa hiyo safu hiyo aijaze yeye.