Sindano, Chuku na Mgongo Wangu

Mgongo ulinikamata mwaka juzi nikiwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Nikabaki vilevile, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati, mpaka mke wangu akaja kuninyanyua. Miezi mitatu ya vidonge na dawa za kuchua haikunisaidia kitu. Nikaishia ghorofa ya pili huko Kariakoo, kwenye kitanda cha tabibu wa Kichina, uso umeingia kwenye tundu la kitanda, nahesabu vigae vya sakafuni.

Nilijikaza nikingoja sindano kama za hospitali. Wapi! Sindano ya akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini, ina unene wa robo milimita hivi, haina tundu wala haipitishi dawa. Tabibu anaitumbukiza kwenye kijibomba cha plastiki, anaigonga kidogo kwa kidole, imeingia. Alinichoma 12. Ile ya kwenye kigimbi aliizungusha taratibu, nikasikia uzito wa ajabu, mfano wa ganzi inayotaka kuuma, ukishuka mpaka kisiginoni. "Nzuri," akasema. Wao hisia hiyo huiita de qi, yaani qi, nguvu ya uhai, imefika. Akaniwashia taa ya joto, akaondoka, nami nikapitiwa na usingizi.

Niliteremka ngazi bila kushika ukuta. Sasa, nini hasa kilichonipa nafuu?

Jibu la pale lilikuwa limebandikwa ukutani: picha ya mtu aliyechorwa mistari mwili mzima na vituo 361 vya kuchoma sindano juu yake. Nadharia yenyewe imo katika Huangdi Neijing, kitabu cha Wachina chenye umri wa miaka 2,000 hivi. Qi hupita kwenye njia zake. Ikikwama, ndipo panapouma. Wamepasuliwa watu wangapi tangu hapo, na hakuna aliyeiona njia hata moja.

Bibi yangu Unguja alikuwa akipigwa chuku: pembe inabandikwa mgongoni, hewa inafyonzwa, ngozi inavimba. Alikuwa akisema damu mbaya imetoka, na kweli alikuwa akiamka mwepesi. Lakini kwa Kiswahili mtu anayetia chumvi kwenye habari naye tunasema anapiga chuku. Neno hilohilo. Sijapata kusoma uchambuzi wa tiba za namna hii uliolishinda.

Maana chuku kwenye akupancha ni nyingi. Chukua kisa cha James Reston, mwandishi wa New York Times, aliyepasuliwa kidole tumbo mjini Beijing mwaka 1971. Mpaka leo utasikia alipasuliwa kwa ganzi ya akupancha. Mwenyewe aliandika wazi kwamba alichomwa dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano za Kichina zilikuja usiku wa pili baada ya upasuaji, tumbo lilipomjaa gesi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyosafiri, ikanenepa njiani.

Ukiziondoa chuku, kitu kinabaki. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waligundua kwamba watu waliopata nafuu kwa sindano walipopewa naloxone, dawa inayozuia kazi ya morfini (ile dawa kali ya maumivu), nafuu ile ilipungua. Maana yake mwili wenyewe ulikuwa umetoa morfini yake ya ndani, endofini. Mwaka 2010 wengine wakaonyesha kwa panya kwamba sindano ikizungushwa, adenosini, kemikali ya mwili wenyewe, hujaa pale ilipochoma na kutuliza neva za jirani. Panya wasio na kipokezi cha kemikali hiyo hawakupata nafuu. Hapo qi haikuhitajika.

Ila majaribio ninayoyafikiria zaidi ni ya Ujerumani, yaliyotoka mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wa mgongo, wengi wameteseka miaka, waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilichomwa sindano kwenye vituo vyake hasa. La pili lilichomwa juujuu, mahali pasipo kituo, bila kuambiwa. La tatu lilipewa matibabu ya kawaida: dawa, fiziotherapia, mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4.

Anayeipinga akupancha atakuonyesha tarakimu mbili za mwanzo: mistari ya ukutani haina kazi. Anayeiuza atakuonyesha ya kwanza na ya mwisho. Mimi inayoninyima raha ni ile ya katikati. Sindano ya uongo ilimshinda daktari! Najua, kundi la tatu lilijua halikupata sindano, na wengi wao dawa zilezile zilikuwa zimeshawachosha. Bado. Hospitali nilikaa foleni saa nne, nikaonwa dakika tano, daktari hakuinua macho wala hakunigusa. Kariakoo niliulizwa nalala vipi, godoro langu likoje, nakaa kiti gani kazini, kisha mtu akaweka mkono pale panapouma. Maumivu ya muda mrefu ubongo nao hushiriki kuyapika, na ubongo unajua umehudumiwa au umefukuzwa.

Sindano ya kweli huishinda ya uongo, lakini kwa kiasi kidogo. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliojumlisha karibu wagonjwa 18,000 ulitoa mfano: mwenye maumivu ya 60 kati ya 100 akiachwa bila sindano angeshuka hadi 43, kwa sindano ya uongo 35, kwa ya kweli 30. Tofauti ya 5 ndiyo stahili ya vituo vyenyewe. Ile ya 8, kati ya 43 na 35, ni ya kitanda, taa na maneno.

Kwa hiyo pesa yangu naitoa bila kinyongo. Kinachoniudhi ni bango la pale mlangoni: kisukari, presha, ugumba, kupooza, vyote vinatibika. Sukari haijali umeulizwa nini kuhusu godoro lako. Kuna mzee nilimkuta kwenye benchi aliyeacha vidonge vyake vya presha kwa sababu ya bango lile. Nilimwambia, "Mzee wangu, mgongo mwachie Mchina, presha rudi nayo hospitali." Akanitazama kama mtoto asiye na adabu.

Nilikwenda mara sita. Siku hizi mazoezi ya kuinua nyonga kila asubuhi mkekani ndiyo yanayonibeba, na mwanangu hunipanda tumboni akidhani ni mchezo. Mgongo ukikaza sana bado napanda zile ngazi. Nikishalala pale, picha ya ukutani siioni. Naona vigae tu, na kandambili za tabibu zikija.