Mayai Nani Ananunua?

Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, na jua la Dar mnalijua, geti likagongwa. Kijana. Shati jeupe la mikono mirefu, tai nyekundu, begi mgongoni, boksi kalikumbatia kifuani kama kabeba mtoto. "Shikamoo mama. Naomba jiko lako dakika tatu tu."

Nimeshaombwa mengi pale getini. Jiko lilikuwa bado. Nikamkaribisha.

Akatoa kikaangio. Halafu akatoa kopo la siagi, ndani ya kopo matambara, ndani ya matambara mayai mawili. Akapasua moja bila tone la mafuta, likaiva, akainamisha kikaangio, yai likateleza lenyewe mpaka kwenye sahani. Kijana ana mkono, sibishi. Seti nzima 280,000, unalipa kwa awamu. Nikamwambia mwanangu, hela ya seti sina, lakini hilo yai kula. Alikataa mara moja, ile ya adabu. Mara ya pili hakukataa. Alilila amesimama, kwa matonge mawili, akaenda kuosha sahani bila kuambiwa.

Nikamuuliza kimbea tu: hayo mayai ofisi inawapa?

"Hapana mama. Mayai tunajinunulia."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Tupige hesabu. Mayai mawili kwa siku, 800. Nauli, magari manne kwenda na kurudi, 2,400. Siku sita, 19,200, na hapo hajanywa hata maji. Kamisheni ni asilimia 10, kwa hiyo akiuza seti moja kwa wiki amepata 28,000. Toa gharama, inabaki 8,800. Kwa wiki! Tena hiyo 28,000 hapewi mpaka mteja amalize awamu zote, na ninyi wateja wa awamu mnajijua. Mshahara? Hakuna mshahara. Kuna "ndoto". Na kile kikaangio cha maonyesho ameweka dhamana ya 50,000, alizokopa kwa shangazi yake. Kikikwaruzika, chake.

Sasa nieleweni. Sina ugomvi na kuuza nyumba kwa nyumba. Nimeifanya mwenyewe wiki tatu nilipomaliza chuo, nikizungusha vitabu vya afya Upanga, na mpaka leo nikiona bango la MBWA MKALI miguu inakumbuka yenyewe. (Mara nyingi mbwa hayupo. Aliyepo ni dada wa kazi, na huyo ndiye wa kumheshimu, maana ukimpita yeye ukamkimbilia mama mwenye nyumba, umeshakosa biashara.) Nilijifunza kuongea na mtu asiyetaka kuniona. Haya, hilo nalikubali. Nakubali pia kwamba mwaka 2020, laini za simu zilipoanza kuzimwa, kuna wazee wengi walisajiliwa alama za vidole na kijana aliyewafuata mlangoni. Kazi ina maana yake.

Ninachogombana nacho ni hiyo tai.

Mtaani kwetu hupita kijana mwingine, anauza mabeseni. Hana tai, ana kandambili. Anachukua mali kauli kwa tajiri yake Kariakoo: beseni hili lirudi na 6,000, kingine ni shauri lako. Akiniuzia 8,500, cha juu ni 2,500, na hiyo 2,500 anaondoka nayo mfukoni muda huohuo. Jioni anarudisha hela ya tajiri, anakula, kesho anachukua tena. Akiona mabeseni hayaendi anahamia ndoo. Akichoka, anakaa kivulini, hamuombi mtu ruhusa. Tunamwita machinga, mgambo wanamkimbiza, na mama yake akiulizwa mwanao anafanya nini Dar, anasema "bado anahangaika".

Mama wa yule wa kikaangio anasema "mwanangu yuko kampuni".

Yuko kampuni! Kampuni inayomtaka aripoti saa moja na nusu asubuhi, wapige makofi na kuimba kwamba wao ni mamilionea. Inampangia mtaa wa kwenda, inamvisha tai, inampa tageti, inamkata akichelewa. Ukiuliza mkataba wa ajira uko wapi, unaambiwa huyu si mwajiriwa, ni mjasiriamali huru. Huru wa wapi, anayepigwa faini kwa kuchelewa? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliona ujanja huu mapema. Inasema mtu anayeelekezwa namna ya kufanya kazi, anayepangiwa saa, anayemtegemea huyohuyo kwa riziki, adhaniwe ni mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini nani atakwenda kuishtaki kampuni akiwa na mayai mawili kwenye kopo la siagi?

Wahamasishaji nao hawakosi kumtaja tajiri Bakhresa na mgahawa wake mdogo wa Dar. Sawa. Lakini mgahawa ulikuwa wake, jamani. Faida yake, hasara yake. Kijana huyu kaachiwa hasara peke yake.

Zile za "lete watu wawili, nao walete wawili" sizigusi leo. Tuliopanda mbegu DECI, ule upatu uliokula hela za watu hadi 2009, tulishalia ya kutosha.

Na wazazi wenzangu, tuna kesi ya kujibu. Tukimwona mtoto na beseni kichwani baada ya miaka mitatu ya chuo, tunamtazama kwa huruma inayomchoma kuliko jua. Akivaa tai tunampiga picha. Anajua. Ndiyo maana anakopa kwa shangazi kulipia dhamana, na hamwambii mtu kwamba mwezi umeisha hana kitu.

Juzi jioni nikapigiwa simu. Timu lida, msimamizi wa yule kijana wa kikaangio. Sauti tamu, mama samahani, tunafuatilia huduma ya kijana wetu: alivaa tai? Nikasema alivaa. Alikueleza kuhusu awamu? Alinieleza. Nikamwambia na mimi nina swali langu, mayai ya maonyesho nani ananunua?

Akacheka. "Aa mama, huo ndio mtaji wake."

Nikamuuliza, na wewe mtaji wako uko wapi? Akasema mtandao unasumbua, atanipigia baadaye. Kijana wa mabeseni kapita leo asubuhi, nimechukua mawili, na la pili wala sikuwa na shida nalo.