Gari la serikali ni miezi 12, si miaka 3

Mwandishi wa makala ya muda wa kudai fidia, umesema kweli, aliyeumia kwenye ajali hapa Kenya ana miaka 3 ya kwenda kortini. Ila umeruka lililotuumiza sisi: ukigongwa na gari la serikali, Sura ya 39 (sheria ya muda wa kuishtaki serikali, Public Authorities Limitation Act) inakupa miezi 12 tu!

Shemeji yangu alikuwa kwenye boda boda, lori la idara moja likamfagia. Mguu ukatiwa vyuma. Tulipofika kwa wakili na bahasha yetu ya kaki (fomu ya P3 ya polisi inayoonyesha majeraha, abstrakti ya polisi yaani muhtasari wa ripoti ya ajali, risiti za hospitali wino umeshaanza kufifia) ilikuwa mwezi wa 14 tangu ajali. Wakili alisoma tarehe ya ajali, akairudisha karatasi ndani polepole. Na muda wote huo tulikuwa tunapigiwa simu na watu wa idara, "subirini, faili iko mezani". Kumbe mazungumzo hayasimamishi siku kuhesabika, hata ukiwa unajadiliana na kampuni ya bima.

Korti huweza kuongeza muda kwa ambaye hakujua mambo ya msingi kuhusu jeraha lake. Sasa shemeji angesema hakujua nini, na mguu ulivunjika akiutazama?