Fundi, Usiizime Kontrola Kabla ya Kuisoma

Waifai ikisumbua Mombasa, bahari ndiyo hulaumiwa kwanza. "Kebo imekatika," husema mtu wa mapokezi, na mgeni husadiki kwa kuwa jambo hilo limewahi kutokea kweli: Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Lakini ikiwa kompyuta ya mapokezi, iliyochomekwa waya, inafungua kurasa bila tabu huku simu za ghorofa ya pili zikibaki kwenye "inaunganisha", tatizo limo ndani ya jengo.

Hapo huitwa fundi. Hufika hotelini, Nyali au Shanzu, huizima kontrola, yaani kifaa kinachosimamia akses pointi zote (vile visanduku vinavyorusha waifai), huiwasha tena, waifai hurudi, hulipwa, huenda zake. Mimi ni fundi pia, na nasema wazi kwamba huko si kutengeneza. Kuizima kontrola huwakata hata wateja waliokuwa sawa, na mara nyingi hufuta kumbukumbu ambazo zingekuonyesha tatizo lilianzia wapi.

Mbona basi waifai hurudi? Mara nyingi jibu ni DHCP, yaani ugawaji wa anwani za IP. Mtandao wa ukubwa uitwao /24 una anwani 254 tu za kugawia vifaa. Hoteli ikiwa na mkutano, kila mgeni ana simu na laptopu, na muda wa kushika anwani umewekwa saa 24, basi waliotoka baada ya kifungua kinywa bado wanazishikilia zao. Anayeingia mchana hupata ishara imejaa lakini haendi popote. Ukiitazama laptopu yake utakuta imejipa anwani inayoanza na 169.254. Sasa, baadhi ya kontrola zikigawa anwani zenyewe husahau orodha yote zinapozimwa. Nafasi zinapatikana na kila mtu anafurahi, kisha vifaa viwili vinapewa anwani moja na shida mpya inazaliwa. Dawa ilikuwa kupunguza muda ule hadi saa moja au mbili, au kupanua mtandao kuwa /23 wenye anwani 510.

Kontrola ilikuwa inajua haya yote. Kila kifaa hupita hatua zilezile: kinajiunga na akses pointi, kinathibitisha nywila, kinaomba anwani, kisha ndipo kinapewa njia. Kontrola huandika kila kifaa kimekwama hatua gani. Chagua simu moja inayolalamikiwa, chukua anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha simu hiyo kwenye waifai, uifuate hiyo peke yake mwanzo hadi mwisho. Angalia tu kwamba tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu nyingi hujitungia MAC tofauti kwa kila mtandao. Iliyoandikwa kwenye kasha haitakusaidia. Fungua maelezo ya mtandao uleule kwenye simu.

Akses pointi nazo zina yake. Stima ikipotea na kurudi, kontrola ambayo betri ya saa yake imekufa huweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Vyeti vya kidijitali ambavyo akses pointi hujitambulishia kwa kontrola vinaonekana bado havijaanza kutumika, nazo zinakataliwa zote kwa mpigo. Kuizima mara kumi hakutasaidia kitu. Irekebishe saa, uiunganishe na NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Kama saa iko sawa, kagua ikiwa ukuta wa usalama (firewall) umefunga milango ya UDP 5246 na 5247, ambayo hutumiwa na CAPWAP, lugha ya mawasiliano kati ya akses pointi na kontrola.

Mji wa Kale ni habari nyingine. Kuta nene za matumbawe na chokaa hupunguza sana mawimbi, hasa ya gigahezi 5, na hakuna mpangilio wa kontrola utakaozitoboa. Mwenye nyumba ya wageni anayeweka akses pointi ukumbini pekee kisha kuagiza iongezwe nguvu hadi mwisho anajidanganya: simu chumbani itaisikia akses pointi, lakini akses pointi haitaisikia simu. Vuta waya, uiweke karibu na vyumba. Na kwenye gigahezi 2.4 baki na chaneli 1, 6 na 11, kwani hizo tatu tu ndizo zisizoingiliana.

Wenye hoteli na maofisi, nanyi mna sehemu yenu. Mwambieni mtu wa mapokezi aandike saa, chumba na aina ya simu kila mgeni anapolalamika. Na fundi akimaliza, mtakeni aandike mstari mmoja: kifaa kilikwama hatua gani, na amebadilisha nini. Asiyeweza kuuandika hajamaliza kazi, na mimi nisingemlipa.