Mzinga wa umeme tumeuona, sasa tuonyesheni mtambo wake

Desemba 2010, huko Dahlgren, Virginia, Jeshi la Majini la Marekani lilifyatua mzinga wa umeme (railgun), ule unaorusha risasi kwa nguvu ya mkondo unaopita kwenye reli mbili badala ya baruti, kwa nishati ya megajuli 33. Picha za ule moto mdomoni zilizunguka dunia nzima. Mimi nilitamani kamera igeuzwe nyuma, kwenye safu za kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, zilizoulisha.

Megajuli 33 si nyingi. Lita moja ya dizeli inazizidi. Kazi ni muda. Zinatakiwa zitoke ndani ya milisekunde 10 hivi (sehemu moja ya mia ya sekunde), yaani gigawati 3 na ushei, kwa mkondo wa mamilioni ya ampea. Hakuna jenereta ya lori wala ya meli inayotoa hivyo moja kwa moja. Umeme sharti ukusanywe taratibu, kisha uachiwe wote kwa mkupuo.

Kapasita ndizo zinazopendwa kwa kazi hiyo. Zimetulia, hazina kinachozunguka. Ila zinakula nafasi: mita moja ya ujazo hubeba megajuli moja au mbili hivi. Tena nishati nyingi huishia kuwa joto kwenye reli na nyaya, kwa hiyo tuseme akiba iwe mara tatu ya kinachotoka mdomoni. Piga hesabu: kontena zima la futi 40, pengine na la pili, na bado hujaweka swichi wala mitambo ya kupoza. Halafu tunaambiwa mfumo huo utahamishika!

Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kilikuja na njia nyingine: mashine inayohifadhi nishati kwenye rota, yaani sehemu yake izungukayo, iendayo kasi na kuitoa kama mpigo mmoja. Inabana nafasi vizuri. Lakini rota ikipasuka, walio karibu wamekwisha, na gari likikata kona rota hiyo hung'ang'ania mwelekeo wake.

Marekani ilisitisha mradi huo wa Jeshi la Majini mwaka 2021. Reli zilizolika haraka zilichangia, sikatai. Japani ilianza kwa udogo, mzinga unaotumia megajuli 5 hivi, na Oktoba 2023 ikatangaza kwamba umefyatuliwa baharini. Huo ndio utaratibu ninaoukubali: pima kwanza gari au meli inabeba nini, ndipo uchonge mzinga.

Kwa hiyo taarifa ya jaribio lolote isinipe kasi ya risasi peke yake. Nataka uzito wa mtambo wa umeme, ujazo wake, na sekunde zinazopita kabla ya risasi ya pili.